Kengele ya Kona ya Mparachichi

Mimi ni mwanamke wa mdomo. Nalisema mwenyewe kabla mume wangu hajaniwahi. Kwenye kibaraza changu cha cherehani pale Bulyaga, mjini Tukuyu, mteja akileta kitambaa cha gauni anaondoka na habari za mtaa mzima, na mara nyingine gauni linachelewa kwa sababu habari ilikuwa tamu. Lakini yupo mtu mmoja ambaye kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kumwambia neno hata moja, na katika ukoo wote nilikoolewa ndiye nimpendaye kuliko wote. Huyo ni baba mkwe wangu.

Hatukugombana, Mungu apishe mbali. Ni desturi. Kwetu Wanyakyusa, hasa wale wa zamani, mke wa mwana humwogopa baba wa mumewe. Si woga wa fimbo, ni woga wa heshima. Hamtazamani usoni, hamkai chumba kimoja, jina lake hulitaji, na mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Siku hizi wengi wameshaachana na mambo hayo. Mashoga zangu wa mjini wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha za simu. Baba mkwe wangu hakuachana nayo. Ni mzee wa kanisa, mstaafu wa kiwanda cha chai, anasoma Biblia kwa miwani iliyofungwa uzi, na jambo hili alilipokea kwa mama yake. Nilipoolewa Kisondela niliambiwa, nikaitikia ndiyo, nikidhani ni la mwezi mmoja. Kumbe!

Nyumba yetu na nyumba yao zimetenganishwa na migomba na njia moja nyembamba inayoteremka kutoka barabarani. Njia hiyo ina kona moja mbaya, penye mparachichi mkubwa, ambapo huwezi kumwona anayekuja mpaka umguse. Basi tukajikuta na utaratibu wetu bila kukaa kikao. Yeye akikaribia kona na baiskeli yake, anapiga kengele mara mbili. Mimi nikiwa njiani naingia migombani, najifunika kanga, nampa mgongo, anapita. Na kama mimi ndiye niliye kwenye kona nikasikia hatua zake, nakohoa, naye anasimama mpaka nipite. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Aliniambia, "Kohoa kama mtu mwenye adabu, usikohoe kama mgonjwa wa kifua."

Kengele na kikohozi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na msidhani yalikuwa machache. Nilijua kengele ya Jumapili akitoka kanisani na njaa, nilijua kengele ya siku ambayo amekasirishwa na mtu. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, kila Alhamisi mkungu wa ndizi ulikuwa mlangoni kwangu na hakuna aliyesema umetoka wapi. Nilipopata cherehani, nilikuta meza yake imeshapigwa randa, imeegemezwa ukutani, ina urefu unaonifaa mimi kabisa, na sijui aliupimaje bila kunitazama. Nami nilikuwa nampikia kande, napeleka kwa mkono wa mama mkwe. Bakuli lilirudi limeoshwa, ndani yake parachichi moja limeiva sawasawa. Mtu wa namna hiyo utaachaje kumpenda?

Sasa hiyo baiskeli. Ni nyeusi, nzito, ya chuma cha zamani, imemzidi umri shemeji yangu wa mwisho. Kila Jumatano baba mkwe huipanda kwenda kwa dada yake, huko bondeni, njia ya kuelekea Kyela. Wamebaki wao wawili tu kwa tumbo la mama yao. Anatoka asubuhi baada ya chai, anateremka karibu safari nzima mikono kwenye breki, analala huko, na Alhamisi anarudi akipanda milima, pengine anasukuma, mpaka mchana anafika. Wanawe walimwambia mara nyingi, "Baba, panda bodaboda." Akawajibu kwamba mtu akibebwa mgongoni kwa mwenzake anafika kama mzigo, na yeye hataki dada yake apokee mzigo.

Ilikuwa Alhamisi ya masika. Mvua ilikuwa imetulia kidogo lakini njia ni utelezi mtupu. Nilikuwa nimejitwika beseni la maharage mabichi, mkono mmoja umeshika beseni, mwingine umeshika ndala. Nakata kona ya mparachichi, huyo hapo! Baba mkwe, uso kwa uso, baiskeli inateremka, kengele kimya. Niliyaona macho yake. Miaka kumi na miwili sikuwahi kuyaona, na siku nilipoyaona yalikuwa yamejaa hofu. Alikuwa anakaza mkono kwenye breki na breki haishiki. Akapinda usukani ili asinigonge, akaingia mtaroni, na baiskeli ikaja juu yake.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mtu mwingine yeyote angeshuka mtaroni. Mimi nilitupa beseni, nikajifunika kanga usoni, nikageuka nikakimbia. Nilimwacha mzee wa watu kwenye maji ya mvua, baiskeli imemlalia mguu, nikakimbia kwa sababu ya heshima! Nikafika kwa mama mkwe ninahema, "Mama, baba ameanguka, baba ameanguka," naye akaniuliza swali moja tu akiwa tayari anatoka mlangoni:

"Umemnyanyua?"

Nikanyamaza. Mimi huyu, nikanyamaza. Mama mkwe alikwenda na jirani, wakamtoa mtaroni, amechunika muundi na amepasuka kidogo juu ya nyusi. Hakunilaumu hata kidogo, si siku ile wala baadaye. Angenilaumu ningepona mapema.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wanawe watatu walikaa naye sebuleni. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, na jiko la mama mkwe lina tundu la moshi linalopitisha maneno vizuri kuliko redio. Mume wangu, ambaye ndiye mkubwa, alisema, "Baba, kengele hukupiga na breki hukufunga. Ungeua mtu, au ungekufa mwenyewe. Baiskeli ipande darini." Wadogo zake wakaunga mkono. Nilingoja baba mkwe awake, maana namjua kwa ukali wa kengele yake. Alisema neno moja tu: "Nimesikia."

Mama mkwe aliacha kumenya ndizi. Akaninong'oneza, "Si kwamba hakupiga kengele. Hakuweza. Mikono imekufa."

Ndipo nikaambiwa siri ya nyumba ile. Tangu msimu wa mahindi baba mkwe alikuwa akirudi kutoka bondeni mikono inawaka moto na kuchomachoma, kisha inakufa ganzi. Kidole kidogo na mwenzake wa pembeni havikuwa vyake tena, alisema, na gumba lilikosa nguvu hata ya kubana kengele. Ilifika mahali Jumapili mama mkwe ndiye anamfunga vifungo vya shati, mlango wamefunga, ili wajukuu wasione. "Inamuuma fijo," aliniambia, yaani sana, "lakini kinachomuuma zaidi ni dada yake. Atamfikiaje?" Nilikaa na kisu cha ndizi mkononi, nikalia, nikasingizia moshi.

Mama mkwe alimpeleka hospitali mwenyewe, bila kuwauliza wanawe. Daktari alimshika mikono, akamgongagonga kiganjani, akasema mshipa wa fahamu umebanwa kwa kuegemewa muda mrefu. Bahati nzuri haujaharibika. Aipumzishe mikono majuma kadhaa, na kisha atafute namna nyingine ya kukaa kwenye baiskeli, maana asipobadilisha, ganzi itarudi na safari nyingine huenda isiondoke. Wanawe katika maneno yote hayo walisikia moja tu, kupumzika. Mama mkwe alisikia yote. Alisimama katikati ya sebule, mwanamke mfupi yule, akawaambia, "Basi tusikilizane. Mikono ikipumzika, ataenda bondeni mara moja. Akirudi akapiga kengele kona ya mparachichi kwa mkono wake mwenyewe, baiskeli ni yake na msiniletee tena maneno. Akishindwa, ipande darini, na ngazi nitaishika mimi."

Wakakubali. Nani angemkatalia? Baiskeli ikaletwa kibarazani kwetu ingoje, na mimi nikaamua moyoni kwamba kengele italia. Nilikuwa na deni la mtaro.

Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka. Nikawaza kama fundi cherehani: kinachoumiza kiganja ni ugumu, dawa ya ugumu ni ulaini. Nikachukua sponji ya kochi bovu, nikazungushia vishikio vya usukani pande zote mbili, nene ya kutosha, nikafunika kwa kitambaa cha sofa chenye maua, nikashona kwa uzi mara mbili. Ilipendeza! Mume wangu aliitazama akasema, "Mke wangu, hiyo ni baiskeli au ni bibi harusi?" Nikamwambia anyamaze kama hana la kusaidia.

Majuma ya kupumzika yalipokwisha, mama mkwe akaichukua, baba mkwe akaijaribu njia ya kwenda barabarani na kurudi. Nilijificha nyuma ya jiko nisikilize. Sikusikia kengele. Nilisikia ameshuka mapema, anaikokota. Mama mkwe akaja kunipa habari: mikono imeuma ndani ya robo saa, na vidole havikufika kwenye breki, sponji imevizuia. Shemeji yangu mmoja akapita siku hiyo hiyo akasema, "Si tuliwaambia?" Nilitaka kumrushia mwiko. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baba mkwe hakuitoa ile sponji. Alijua nani kaishona, akaiacha, ili asiniaibishe.

Kesho yake niliikokota baiskeli mpaka Bulyaga. Njia nzima watu wananisalimu huku wanacheka maua. Mkabala na kibaraza changu yupo fundi baiskeli, mwanamume mwembamba mwenye dharau nyingi na mikono ya dhahabu, ambaye ujana wake aliumalizia kubeba ndizi kwa baiskeli kutoka Tukuyu mpaka Mbeya. Aliitazama sponji yangu kwa muda mrefu.

"Fundi mwenzangu," akasema, "huyu mzee umemkosea nini? Umemshikisha mgomba."

Nikamweleza yote, hata mtaro. Hakucheka. Akanionyesha vidole vyake viwili vya mwisho, mkono wa kushoto. Kile kidogo mpaka leo hakinyooki vizuri. "Mimi hakuna aliyeniambia," akasema. "Nilidhani ndiyo kazi." Kisha akaniambia, "Panda nikuone unavyokaa."

"Nipande siti ya baba mkwe wangu? We vipi!"

"Haya, mila zenu." Akapanda mwenyewe, akaegemea ukuta, akaniambia nitazame. "Pua ya siti inatazama wapi?"

Nikainama. "Chini."

"Basi mzee anateleza mbele tangu anatoka nyumbani. Na anayeteleza mbele anajizuia na nini?"

"Na mikono."

"Mkono si mguu, fundi mwenzangu. Ukiusimamisha siku nzima utagoma."

Asubuhi ile nilijifunza kumsoma baba mkwe kwenye baiskeli yake. Vile vishikio vya zamani, tulipokata sponji, vilikuwa vimelika upande wa nje tu, pale ambapo mfupa wa kiganja unakaa, upande wa kidole kidogo. Hapo ndipo alipokuwa anaweka uzito wake wote, Jumatano baada ya Jumatano, mlima wote ule wa kuteremka. Vishikio vya breki vilikuwa vimeelekea juu, kwa hiyo ili kuvishika ilibidi aukunje mkono kwenye kifundo. Vyuma vya breki vilikuwa vikavu, raba zake zimeisha, akawa anakamua kwa nguvu zake zote kupata kidogo. Sikuwahi kuruhusiwa kuitazama mikono ya mzee huyu, lakini pale kwa fundi niliiona ilivyoteseka, na nilijisikia vibaya kama vile nimechungulia.

Fundi akainyanyua pua ya siti ikalala sawa. Akapandisha usukani ukalingana na siti, ukazidi kidogo. Akaviteremsha vishikio vya breki mpaka mkono unyooke, "kama unampa mtu salamu," akasema. Akatia mafuta, akabadilisha raba, nikabana breki kwa vidole viwili ikashika. Tairi la mbele akalipunguza upepo kidogo, ili kila jiwe la njia lisipande mpaka kiganjani. Akafunga vishikio vipya vya mpira, vyembamba, na kengele akaisogeza karibu na gumba. Kisha akanigeukia.

"Sasa ulaini unaoutaka, ushone kwenye glavu. Vidole wazi. Weka kitambaa kinene upande huu wa kiganja na upande huu, lakini hapa katikati, kuelekea kidole kidogo, uache mfereji. Hapo ndipo mshipa unapopita. Ukipajaza hapo, umembana upya."

Glavu! Na glavu inashonwa kwa vipimo. Nawauliza, nampimaje mtu ambaye siruhusiwi kumtazama? Nimewapima mabwana harusi, nimewapima mapadri, na huyu wa nyumbani kwangu sina hata urefu wa kidole chake. Mama mkwe akasema, "Niachie." Siku hiyo baada ya chakula cha mchana, baba mkwe aliposinzia kwenye kiti chake, mama mkwe akampima kwa utepe wa ganda la mgomba, akawa anapiga fundo kila kipimo: fundo la upana wa kiganja, fundo la gumba, fundo la kifundo cha mkono. Akaniletea tepe mbili zimejaa mafundo, ya kulia na ya kushoto.

"Hakuamka?" nikamuuliza.

"Alikuwa macho," akasema. "Nilipofika kwenye vidole, akavipanua mwenyewe. Macho kayafumba, lakini vidole kavipanua."

Nilizishona glavu hizo kwa ngozi ya mkoba wangu wa harusi. Ulikuwa umechakaa kidogo, sitaki sifa za bure, lakini niliupenda. Nilishona, nikafumua, nikashona tena, na wateja walipouliza nguo zao niliwaambia wakae kimya nahesabu mafundo. Mume wangu aliniona nimeinamia kiganja cha ngozi, natafuta ule mfereji kwa kidole changu mwenyewe. Mara hii hakutania. Akaniuliza kama anisogezee taa karibu.

Kulibaki jambo moja, nalo fundi alilisisitiza kuliko yote. Hata baiskeli iwe nzuri namna gani, mzee asikamate usukani kama anakamata mwizi. Viwiko vilegee. Abadilishe mahali pa kushika. Na ashuke mara kwa mara, akung'ute mikono, akunje na kukunjua vidole, kabla ganzi haijaja, asingoje ije. Nani atamwambia? Maneno ya kulegeza viwiko mama mkwe aliyasema. Baba mkwe akauliza, "Nani kakufundisha?" Akajibu, "Nimeota." Lakini kushuka njiani alikataa katakata. Alisema tangu ujana wake hajawahi kupumzika kwenye mteremko na hataanza mbele ya watu.

Hapo mama mkwe akaniacha hoi. Kwetu salamu si jambo la kutupa. Humsalimu mtu ukiwa unapita, unasimama, unauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, na yeye anakuuliza. Mama mkwe akamwendea mumewe na uso wa msiba, akamwambia kuna maneno kanisani. Watu wa njia ya bondeni wanasema mzee wa kanisa anawasalimu akiwa juu ya siti, kama mkaguzi. Loo! Baba mkwe hakula vizuri siku hiyo, akaapa kwamba kuanzia sasa kila salamu atashuka. Hakuna mtu aliyekuwa amesema neno lolote, Mungu amsamehe mama mkwe wangu, na kanisani kwenyewe ndiko anakoimba kwaya.

Jumatano ikafika. Alivaa glavu. Sikuziona mikononi mwake, nilisikia mama mkwe akimfunga vifungo vya mwisho vya shati, na yeye akisema, "Acha, hiki naweza." Baiskeli ikapita kona kwenda juu, anaikokota, kwa hiyo hakukuwa na kengele. Siku ile sikushona kitu. Nilikwenda Bulyaga nikakaa, nikakosea mkono wa blauzi, nikaushona mgongoni. Niliwaza mteremko. Niliwaza kama mikono itakufa tena katikati ya mlima, mahali ambapo hakuna mtaro wa kumpokea, kuna korongo. Nilijiambia, kama ataumia, ni mimi niliyempeleka, na safari hii hata nafasi ya kukimbia sina.

Alhamisi nilibaki Kisondela. Mume wangu na wadogo zake walikuja mapema, wakakaa uani kwa mama yao, wanajifanya wanazungumza habari za mbolea ya chai. Ngazi ilikuwa imeegemea ukutani. Mimi nikachukua panga, nikasema nakwenda kukata majani ya migomba, nikaenda kusimama karibu na kona ya mparachichi. Saa sita ikapita. Saa nane ukungu ukashuka, kisha manyunyu. Nilikata majani mengi ambayo hayakuwa na kazi. Mume wangu akaniita nikale, nikamjibu nimeshiba, na sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Ikafika saa kumi. Nikasikia tairi kwenye changarawe za juu, taratibu, breki zinashika, zinaachia, zinashika. Akakaribia kona.

Kengele ikalia mara mbili, kwa nguvu, kama ya Jumapili ya njaa.

Uani walipiga kelele, na mama mkwe akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Tukuyu. Mimi nikaingia migombani, nikajifunika kanga, nikampa mgongo, machozi yananitoka na kicheko kimenibana. Nikangoja apite. Hakupita. Baiskeli ilisimama pale pale kwenye kona, hatua chache tu nyuma ya mgongo wangu. Nikasikia ameshuka. Kisha nikasikia sauti yake, karibu, si ya kanisani wala ya kupitia tundu la moshi, na haikunielekea mimi.

"Baiskeli," akasema.

Nikashika mgomba.

"Baiskeli, wewe unaweza kusema na kila mtu. Mwambie huyo aliyenishonea mikono kwamba imefika na imerudi. Dada yangu kaishika, kasema ina joto. Mwambie ndaga, asante. Ndaga fijo."

Manyunyu yalikuwa yanapiga majani juu ya kichwa changu. Nilidhani amemaliza.

"Na ile siku ya mtaro," akasema, polepole zaidi, "mwambie nilijua analia wakati anakimbia. Nilimsikia. Alifanya tulivyomfundisha. Ila mwambie hivi: siku nyingine nikianguka, asikimbie. Aninyanyue."

Akangoja. Mimi mwanamke wa mdomo, mwenye maneno ya mtaa mzima, nilikuwa na mambo elfu ya kumwambia mzee yule. Nikajifuta uso kwa kanga. Kisha nikakohoa mara moja, kwa adabu, ili ajue nimesikia.